Nakala Moja, Mtoto Mmoja

Kitabu cha ndege wa majabalini kina kurasa tisini na sita,
na darasa langu hapa Klaksvík lina watoto kumi na mmoja.
Wanane wanakisoma.
Høgni hukisogelea mpaka pua iguse karatasi,
kisha hutangaza kwamba ndege huyu ananuka wino.
Bárður, herufi humtawanyikia kama kondoo walioona mbwa.
Analyn alifika mwezi wa tisa kutoka Iloilo;
maneno yetu bado yanamkwaruza kooni.

Jumanne usiku nilibaki na mashine ya kunakili.
Ukungu umeshuka hadi madirishani,
mashine inamulika, inazima, inamulika,
nami nakuza ukurasa baada ya ukurasa,
mwizi mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Mwongozo nilikuwa nimeusoma.
Kifungu kinaniruhusu nakala kwa mtoto asiyeona,
kwa cheti cha daktari, kwa jina, kwa faili.
Høgni anacho cheti.
Bárður yuko kwenye foleni ya kupimwa, mwezi wa saba huu.
Analyn haumwi chochote.
Ana lugha tatu, na hii ni ya nne.

Chuoni walitupeleka kutazama mteremko wa mlango wa maktaba.
Ulijengwa kwa ajili ya kiti kimoja cha magurudumu,
wakaupanda wenye vigari vya watoto,
mleta barua, na mzee wa goti bovu.
Hakuna aliyesimama pale juu kudai cheti.
Sheria imesimama pale juu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Sawa. Ila nionyesheni mnyonge ni yupi,
maana mwenye kitabu si kampuni ya jengo la vioo ng'ambo.
Ni Ragnhild, nyumba ya kijani juu ya duka la nyuzi,
aliyelala majabalini misimu sita akichora mabawa
na kurudi na kikohozi ambacho hakijaondoka.

Nikaenda. Nikaziweka nakala mezani pake.
Hakunipa kahawa mpaka alipomaliza kuhesabu.
"Tisini na sita. Na jalada."
"Na jalada."
"Mwaka jana viliuzwa arobaini na viwili.
Shule yako ilinunua kimoja.
Mafuta ya kupashia nyumba joto unajua bei yake?"
Nilijua. Hoja nilizokuja nazo
ziliganda kama siagi iliyosahauliwa barazani.

Kisha akauvuta ukurasa wa thelathini na moja,
ule wa ndege mfupi mwenye mdomo wa rangi tatu.
"Umemnenepesha."
"Nimemkuza."
"Mtoto mwenyewe haoni nini hasa?"
"Katikati. Anaona kandokando tu."
Akachukua penseli, akamchora upya,
mistari michache, akikandamiza
hata karatasi ikatuna upande wa pili.
Akafumba macho, akapitisha kidole.
"Mpe huyu."

Kibali hakunipa. Atamwandikia mchapishaji, alisema,
na shule inunue vitabu vinne zaidi,
na hilo halikuwa ombi.
Lakini Ijumaa alikuja akaisomea simu yangu
sura nzima ya tatu, kwa sauti ya tumbaku,
akisimama kila mara kukohoa,
akijisahihisha alipokosea jina la mwamba
ambao babu yake aliteleza.
Faili nikaitia nywila. Nikaipa jina: *Høgni, peke yake*.

Leo asubuhi mvua inapiga bati.
Høgni ana kisikilizi sikio la kushoto.
Cha kulia kiko kwa Analyn,
waya umewavuta mabega yakagusana,
na Bárður ameinama katikati yao
anaokota kinachodondoka.
Ragnhild anakohoa;
wote watatu wanacheka kwa mpigo.

Mbele yangu kuna fomu, ina safu
ya kuandika nani ametumia nakala.
Nimeandika: Høgni.
Wino wa jina lake umeshakauka.
Kalamu bado iko hewani.